Boaz Ajwang na Mwisho wa Ko-Ko Kiwanjani Ndarugu

Mzee Boaz Ajwang anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 1959, baada ya kukitumikia Kiwanja cha Ndege cha Ndarugu kwa miaka ishirini na mitatu. Ukiitoa ile miaka aliyokuwa vitani, bado hakuna mfanyakazi aliyedumu hapa kumshinda. Mimi ninayeandika ni Kimeu, fundi wa injini na dereva wa gari letu la zimamoto. Nimechaguliwa kumwandikia haya katika jarida la kampuni kwa sababu nimefanya kazi karibu naye miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo tumekuwa tukigombana.

Alikuja mwaka 1936 kutoka kwao Alego, akashuka gari la moshi stesheni ya Ruiru, akatembea kwa miguu hadi hapa. Wakati huo kiwanja kilikuwa nyasi tupu kati ya mkonge na kahawa, na ndege ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ikiharibika kila ikiguswa na upepo. Ajwang aliajiriwa kibarua wa kufyeka. Baadaye akapewa bendera mbili za kuelekezea ndege, na wanaokumbuka siku hizo wanasema alizipunga kwa maringo mpaka watu wa shamba la jirani walikuwa wakija kumtazama Jumapili, baada ya kanisa.

Vita vilipokuja akaenda jeshini, akafunzwa kazi ya redio, akafika Burma na kurudi mzima. Alirudi na viatu vinavyong'aa, masharubu yaliyonyooshwa kwa rula, na imani kwamba kila jambo duniani lina utaratibu wake na anayeujua ni yeye. Kwa hiyo kampuni ilipoleta redio mwaka 1952 hakukuwa na haja ya kutafuta mtu. Ajwang alipanda kwenye kile chumba cha vioo juu ya karakana yangu, akakaa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia viatu vyake juu ya kichwa changu.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili, ni vizuri nieleze kazi yenyewe. Ndege ikiwa hewani rubani anajitegemea. Shida iko chini, ndege inapotambaa kwa magurudumu kutoka kwenye mabanda kwenda kuruka, au kutoka kuteremka kwenda kujaza dawa ya kunyunyizia mashamba. Kiwanja chetu kina njia moja ya kurukia, na njia ndogo ya kutambaa inayoikata katikati ili kufika upande wa stoo ya dawa. Na hapo katikati pana mwinuko. Rubani aliye mwisho wa kiwanja hamwoni mwenzake anayevuka nyuma ya mwinuko huo. Anayewaona wote wawili ni mtu mmoja tu, yule wa chumba cha vioo, na anachoweza kufanya ni kusema nao kwa redio.

Ajwang alisema nao vizuri. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, na kwa kweli ndiyo kazi yake nyingine kule Ruiru. Alipewa pia usimamizi wa sherehe za harusi mpaka Gatongora, akawa anawapanga wapishi, waimbaji na wazee wa pande zote mbili kama marubani. Siku ya mechi yetu na timu ya kiwanda kimoja cha Thika alimfuata refa mpaka katikati ya uwanja kumuuliza kama ameelewa alichokipulizia filimbi. Tulifungwa mabao manne, lakini refa alikubali kwamba hakuelewa.

Sasa nije kwenye ko-ko. Nzige walipotuvamia mwaka 1954, tulijaa ndege za kunyunyizia dawa. Marubani walikuwa na vitambaa puani, mikono imeshika hiki na kile, na hawakuwa na subira ya kuzungumza. Badala ya kujibu, wakawa wanabonyeza kitufe cha redio mara mbili upesi, na kwenye spika ikasikika ko-ko. Maana yake ilikuwa, nimesikia. Ajwang naye akikabwa na kazi alijibu vivyo hivyo, ko-ko, maana yake ndiyo, endelea. Wote tuliipenda. Ajwang mwenyewe aliipenda kuliko sisi, na aliwafundisha marubani wageni siku yao ya kwanza.

Asubuhi moja mwezi Februari 1955, Ajwang alimwambia rubani wa ndege Namba Tatu, Bwana Pell, asimame kabla ya njia ya kurukia, asivuke, kwa sababu Namba Moja ilikuwa mwisho wa kiwanja ikitaka kuruka. Sasa redio zetu zina tabia hii, kwamba anayebonyeza kitufe ili aseme hasikii kitu. Na dakika ileile Bwana Pell alikuwa amebonyeza chake, anaomba kuvuka kwenda stoo. Kwa hiyo Ajwang hakumsikia Pell, wala Pell hakumsikia Ajwang. Wote wawili wakaachia vitufe, wakangoja jibu.

Jibu likaja. Ko-ko. Lilitoka Namba Tano, iliyokuwa imesimama mabandani, ambayo rubani wake alikuwa ameambiwa muda mfupi kabla angoje petroli, na akawa amechelewa kujibu. Ajwang akaichukua kuwa ya Pell, kwamba amesikia na atasimama. Pell akaichukua kuwa ya Ajwang, kwamba amekubaliwa avuke. Ko-ko moja, na kila mmoja akaipokea kama yake.

Ajwang akairuhusu Namba Moja ikimbie. Namba Tatu nayo ikaanza kuvuka. Mimi nilikuwa nje ya karakana, nikaziona zote mbili, na nikasikia Ajwang juu yangu akipiga kelele kwenye redio, lakini ndege iliyokwisha shika mbio haisimami kwa kelele. Namba Moja ilitokea kwenye mwinuko, ikajipinda kando, na bawa lake likaukata mkia wa Namba Tatu. Rubani wa Namba Moja alitoka kwa miguu yake. Bwana Pell alivunjika mbavu. Na nyuma yake, kati ya mapipa ya dawa, alikuwamo mpakiaji wetu, Omondi, ambaye pipa lilimwangukia mguuni. Tulimtoa mimi na watu wa zimamoto, tukampeleka hospitali Thika, na mguu ule haukupona vizuri mpaka leo.

Omondi ni ndugu yake Wilkister, mke wa Ajwang. Ajwang ndiye aliyemwita kutoka nyumbani na kumtafutia kazi. Siku ile nilimwona mzee huyu amekaa kwenye ngazi za chumba cha vioo akilia kama mtu mwenye msiba, na hakujali anayemwona.

Kampuni ilikaa, ikachunguza, ikasema ilikuwa bahati mbaya. Hakuna aliyelaumiwa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kurudi kazini kimya, na hata mimi nilimshauri hivyo. Ajwang alikataa kabisa. Alisema bahati haikuhusika, ko-ko ndiyo iliyomvunja Omondi mguu, kwa sababu ko-ko haina jina na haisemi ilichosikia. Nyumbani Wilkister hakumbembeleza. Alimwambia, "Mguu wa ndugu yangu hautarudi. Wewe rudi huko, na hiyo kitu yenu iishe."

Basi akarudi, na siku ya kwanza akatangaza utaratibu wake. Hakuna ndege itakayosogea chini mpaka rubani aseme kwa mdomo wake yeye ni nani, ameambiwa nini, na atasimama wapi. Akishayasema, Ajwang naye atamjibu kwa jina. Atakayepiga ko-ko atahesabiwa kwamba hajajibu.

Marubani waliona ni matusi. Wakati ule, na sote tunaukumbuka, haikuwa kawaida Mwafrika kumwambia Mzungu arudie maneno. Rubani mkuu wa siku hizo alipanda hadi chumba cha vioo akamwambia kwa Kiswahili chao cha shambani, "Mimi hapana mtoto ya shule." Ajwang akamjibu kwamba yeye pia si mwalimu, ila hana shemeji mwingine wa kuvunjwa mguu. Wakaendelea na ko-ko zao, naye akaendelea kukaa kimya. Ndege zilisimama kwenye njia ndogo injini zikiunguruma na kuchemka, na aliyekuja kuzishughulikia zikiwa za moto ni mimi. Nilimpandia mara nyingi kwa hasira. Nilimwambia anatuulia injini, na kwamba nzige wanakula kahawa ya watu sisi tukibishana nani aseme nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimweleze kwa maneno yangu Omondi aliumiaje. Nilipoanza kueleza nikaona siwezi kumaliza bila kumkubalia, nikashuka.

Meneja wa wakati huo akampa uchaguzi mbele ya watu. Aipokee ko-ko, au arudi kwenye fyekeo. Ajwang alikabidhi ufunguo, akaenda stoo, akaomba fyekeo. Aliondoka pia kwenye nyumba ya vyumba viwili, akahamia laini za vibarua, chumba kimoja na moshi wa majirani wote. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Karani mmoja wa ofisini akawekwa kwenye redio, na ko-ko ikarudi kwa furaha.

Naomba wasomaji wamwone mzee huyu katika miezi ile, maana hapo ndipo nilipomjua. Alivaa viatu vyake vinavyong'aa hata akifyeka. Alijichagulia kufyeka kingo za njia ndogo, na kila ndege ilipopita alisimama wima, akamkazia macho rubani mpaka rubani ageuze uso. Wengine walimcheka, na baadaye wakaacha kumcheka. Mimi niliwahi kumuuliza anangoja nini. Akasema, "Singoji. Mimi nakata nyasi." Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyekubali kushindwa.

Mwezi Juni, Bwana Pell alirudi kutoka likizo ya ugonjwa. Asubuhi yake ya kwanza alitambaa mpaka karibu na njia ya kurukia, akaambiwa asimame. Sote tulikuwa nje tukisikiliza spika ya karakana, tukingoja ko-ko. Haikuja. Bwana Pell alisema polepole kwamba yeye ni Namba Tatu, ameambiwa asivuke, na atasimama kabla ya mstari wa njia ya kurukia. Karani akamjibu kwa ko-ko. Pell hakusogea. Baadaye karani akamruhusu avuke kwa ko-ko nyingine, naye Pell akasema hajui hiyo ni ya nani. Nyuma yake ndege mbili zilikwama, kwa sababu njia ndogo haina pa kupishana. Mwishowe akazima injini, akashuka, akamwendea Ajwang pale nyasini, akampa mkono. Halafu akaenda ofisini kwa miguu, akiwa bado anapumua kwa shida, akawaambia hatatambaa tena kiwanjani Ndarugu mpaka Ajwang awe kule juu.

Walipokuja kumwita, Ajwang alimaliza kwanza kufyeka kipande alichokuwa amekianza. Kisha akatoa sharti. Utaratibu uwe wa marubani wote, na wa kwanza kuutimiza awe rubani mkuu. Jioni hiyohiyo rubani mkuu alisema yeye ni nani, ameambiwa nini na atasimama wapi. Alisema kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, lakini alisema yote. Tangu siku hiyo mpaka ninapoandika, hakuna ndege iliyogusa nyingine ikiwa chini hapa Ndarugu, wala mpakiaji aliyelala hospitali kwa sababu ya redio. Kama wapo wanaotaka kujua Boaz Ajwang ameiachia nini kampuni hii, ni hicho.

Mengine ni ya kuchekesha. Ule utaratibu ulimwingia mpaka mifupani. Wilkister amenieleza kwamba watoto wao hawakutumwa dukani bila kurudia walichotumwa, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kuombwa aseme amesikia nini kuhusu chai. Mchungaji wake wa Ruiru alikatizwa katikati ya tangazo la mchango ili athibitishe ni Jumapili gani. Mimi pia, kila niliposema injini iko tayari, nilitakiwa nitaje ni injini gani na tayari kwa nini. Nilikasirika kila mara, na sasa nafanya vilevile kwa mafundi wangu.

Alistahili kupumzika mwishoni mwa mwaka jana. Akaomba aongezewe miezi, na ilipokwisha akaomba tena. Wilkister alikuwa ametangulia nyumbani, nyumba imekwisha ezekwa, na barua zake zilianza kuwa fupi. Watu wakasema mzee anaogopa kukaa bure. Si hivyo. Alichoogopa ni kwamba akitoka, ko-ko itarudi.

Alikuwa na sababu. Mwaka huu tumepata meneja mpya, Bwana Hadley, ambaye ni rubani pia na ana ndege yake ndogo. Ni mtu mwema, na atanisamehe nikiyasema haya katika jarida lake, lakini alipofika alituambia mkutanoni kwamba kurudia maneno ni kupoteza wakati. Na aliyeandaliwa kumrithi Ajwang ni Simeon Kagwe, kijana wa miaka thelathini hivi kutoka upande wa Gatundu, aliyekuja kwetu 1957 baada ya mambo yaliyomchelewesha, ambayo hapendi kuyazungumza. Kagwe anaijua kazi. Lakini ni mpole, husema "ndiyo bwana" kabla hujamaliza kusema, na Ajwang alikuwa akiniambia kwa uchungu, "Kazi anaweza. Nani atamshikilia Mzungu akiwa na haraka?" Alilala na swali hilo, na akaamka nalo.

Jumanne iliyopita lilijibiwa. Kagwe alikuwa kwenye redio, Ajwang amekaa nyuma yake kwenye kiti. Bwana Hadley alikuwa anakwenda mkutano Nairobi, amechelewa, ameingia njia ndogo kwa kasi. Namba Moja ilikuwa mwisho wa kiwanja, upande wa pili wa mwinuko, imejaa dawa na iko tayari kukimbia. Kagwe akamwambia Bwana Hadley asimame kabla ya njia ya kurukia. Kwenye spika ya karakana ikasikika ko-ko.

Niliacha spana. Mafundi wote waliacha.

Kagwe akasema kwamba hajajua aliyejibu, akaomba arudiwe. Ikaja ko-ko nyingine, ya haraka zaidi. Wakati huo ndege ya meneja ilikuwa inaendelea kusogea, pua yake inakaribia mstari. Kagwe akaiambia Namba Moja isiachie breki zake, ikae hapohapo, kisha akarudi kwa Bwana Hadley kwa sauti ileile ya upole, akamwomba aseme yeye ni nani na atasimama wapi. Ndipo meneja akasema, na sote tukasikia, "Wewe nataka kazi, ama hapana?"

Tulitazama juu. Kupitia vioo tulimwona Ajwang nyuma ya Kagwe. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, ameinama mbele, na mdomo ameufunga. Angeweza kuchukua redio. Amekuwa akiichukua kutoka kwa kila mtu kwa miaka saba.

Kagwe akabonyeza kitufe. "Kazi nataka, bwana. Rudia."

Ndege ya meneja ikapunguza, ikasimama, magurudumu yake ya mbele karibu na mstari. Kisha Bwana Hadley akasema yeye ni nani, ameambiwa nini, na kwamba atasimama pale alipo. Kagwe akamjibu kwa jina na kumshukuru. Halafu akairuhusu Namba Moja, nayo ikatokea kwenye mwinuko ikikimbia, ikapita mbele ya meneja, karibu kiasi kwamba kofia yake ilipeperushwa kutoka kichwani kupitia dirisha aliloacha wazi. Ikaruka salama. Bwana Hadley alikwenda Nairobi akiwa bila kofia. Aliporudi jioni hakumwita Kagwe ofisini, na Kagwe bado yuko kazini.

Ajwang hakumpongeza. Alisimama, akachukua koti lake, akashuka ngazi zile kwa taratibu, ingawa zamu yake haikuwa imekwisha. Alipita karakana bila kunigombeza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikwenda moja kwa moja stoo, kwa Omondi, ambaye siku hizi anashona magunia kwa sababu ya mguu. Nilimfuata, nikidhani anaumwa. Alikuwa amekaa kando ya shemeji yake, akimsimulia maneno yote yaliyosemwa kwenye redio, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Alipofika kwenye lile la Kagwe alishindwa kuendelea. Omondi aliweka sindano chini, akamshika bega. "Imeisha, shemeji," akamwambia. "Sasa enda kwa dada."

Ajwang alikwenda ofisini kutia saini karatasi za kustaafu kabla ya jua kutua.

Kwa niaba ya marubani, mafundi, wapakiaji, makarani na wafyekaji wa Ndarugu, asante, Mzee Boaz, kwa kila siku uliyotuchelewesha. Wapo watu wanaokula na watoto wao leo jioni kwa sababu ya kucheleweshwa huko. Mungu akufikishe Alego salama, akupe afya, mvua kwa wakati wake na mazungumzo marefu na Wilkister. Huku usijali. Kagwe yuko juu, na mimi niko chini namsikiliza.